Picha moja, mianga miwili: flashi ndani ya ukumbi wa harusi

Malalamiko ya mpiga picha anayechomeka flashi juu ya kamera kwa mara ya kwanza harusini huwa ni yaleyale. Nyuso zimeungua kwa weupe, nyuma kuna kiza kitupu, na mapambo yote ambayo wenye shughuli wameyagharamia hayaonekani. Anapunguza nguvu ya flashi. Nyuso zinatulia, kiza hakiondoki. Anaiongeza, mambo yanarudi palepale. Mwishowe anaing'oa, anapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 12,800, na kuanzia siku hiyo anawaambia wenzake kwamba flashi huharibu picha.

Flashi haikuharibu kitu. Alichokosa ni kujua kwamba ndani ya ukumbi kila picha ya flashi ni picha mbili zilizopigwa kwa pamoja: moja imetengenezwa na taa za ukumbi, nyingine na flashi. Kila moja inaongozwa na mipangilio yake. Ukigusa ya huku ukitarajia mabadiliko ya kule, utahangaika usiku kucha.

Kila mwanga na mwenyewe

Taa za ukumbi humwaga mwanga bila kukatika. Shata, yaani mlango wa kamera unaopitisha mwanga, ikikaa wazi muda mrefu, mwanga mwingi unaingia. Ikifunga haraka, unaingia kidogo. Flashi haimwagi. Inalipuka na kuzima, na ikiwa kwenye nguvu yake yote mlipuko huo huchukua takriban 1/1000 ya sekunde au zaidi kidogo. Ukiishusha nguvu, haiwaki kwa upole. Inaukata mlipuko mapema. Ndiyo maana kwenye nguvu ndogo kama 1/64 mlipuko unaweza kuwa mfupi kuliko hata 1/10,000 ya sekunde.

Sasa tazama matokeo yake. Shata ikiwa kwenye 1/200, mlipuko mzima unapita. Ikiwa kwenye 1/30, mlipuko mzima unapita vilevile, wala hauongezeki. Kwa hiyo kasi ya shata haina usemi juu ya flashi. Inatawala mwanga wa ukumbi tu. Nguvu ya flashi, pamoja na umbali ambao mwanga wake unasafiri, hutawala flashi tu. Tundu la lenzi na ISO hutawala yote mawili.

Turudi kwa mwenzetu wa nyuso nyeupe. Tuseme kamera yake ilikuwa kwenye ISO 200, f/5.6 (namba ya tundu la lenzi; ikiwa ndogo, tundu ni pana) na shata ya 1/200. Kwa mipangilio hiyo taa za ukumbi wa kawaida haziachi karibu alama yoyote kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga. Flashi ilikuwa imebaki peke yake, na alipoishusha alikuwa anapunguza mwanga pekee aliokuwa nao. Angeenda ISO 1600, f/2.8 na 1/100, mwanga wa ukumbi ungepanda mara 64: mara nane kwa ISO, mara nne kwa tundu la lenzi, mara mbili kwa shata. Kwa mipangilio hiyohiyo flashi ingehitaji 1/32 tu ya nguvu iliyokuwa ikitumia, kwa sababu ISO na tundu la lenzi vimeisaidia nayo. Nyuma pangeonekana, betri zingepumua, na flashi ingekuwa tayari kwa picha inayofuata karibu papo hapo.

Ndiyo sababu hatua ya kwanza ukiingia ukumbini ni kuizima flashi. Piga picha ya ukumbi mtupu au wa wageni wakiwa wameketi, urekebishe hadi uone mandhari ya nyuma kwa kiasi unachokipenda. Wengi huiacha chini kidogo ya mwanga kamili, stopu moja hadi mbili (stopu moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili au kuugawa nusu). Mimi hupenda moja na nusu: taa zinabaki na joto lake, wahusika wanajitokeza mbele. Ukishapata hapo ndipo unaiwasha flashi na kuipa kazi ya nyuso.

Kuna mipaka ya pande zote mbili. Upande wa polepole, mwanga wa ukumbi ukikaribia kulingana na wa flashi kwenye mwili wa mtu anayetembea, utapata picha pacha: uso mkali uliogandishwa na flashi, na juu yake ukungu wa uso huohuo uliochorwa na taa. Ukiuacha mwanga wa ukumbi stopu mbili au zaidi chini ya ule wa flashi, ukungu huo hautambuliki tena. Ufupi wa mlipuko ndio unaogandisha. Harold Edgerton wa chuo cha MIT, aliyeiendeleza flashi ya elektroniki katika miaka ya 1930, aliutumia ufupi huo kunasa hata risasi ikiwa hewani. Miguu ya mcheza dansi haitaishinda. Wengine huutafuta ule ukungu makusudi wakati wa dansi: 1/15 au 1/30, flashi ikiwa imepangwa kulipuka mwishoni, pazia la pili la shata likikaribia kufunga. Hapo michirizi ya mwendo hubaki nyuma ya mtu. Flashi ikilipuka mwanzoni, michirizi humtangulia, na mtu huonekana kana kwamba anacheza kinyumenyume.

Upande wa haraka, shata ya kawaida ina mapazia mawili. Hadi kasi fulani, mara nyingi 1/200 au 1/250, kuna nukta ambapo sensa yote iko wazi na flashi inapata nafasi ya kuimulika nzima. Ukipita hapo, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua. Kinachopita mbele ya sensa ni mwanya tu, na picha inatoka na utepe mweusi. Flashi nyingi za sasa zina hali ya HSS (flashi kwa shata ya kasi kubwa) inayorusha milipuko midogo mfululizo ili kuufuata mwanya huo, lakini malipo yake ni makubwa, stopu mbili za nguvu au zaidi. Ndani ya ukumbi usiku hutaihitaji. Na ukitumia shata ya kielektroniki isiyo na sauti, kamera nyingi zitakataa kabisa kuilipua flashi, kwa kuwa sensa husomwa mstari kwa mstari. Sony a9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, iliukwepa mpaka huo kwa sensa inayosomwa yote kwa mara moja, ila kamera za namna hiyo bado ni chache.

Taa yako ni dari

Hapa ndipo pesa ya flashi inaporudi, na ndipo ningetaka tukae zaidi.

Kioo cha mbele cha flashi kina upana wa sentimita chache tu. Mwanga unaotoka mahali padogo huchora vivuli vyenye kingo kali, hung'arisha jasho, na hubandika kivuli cheusi ukutani nyuma ya sikio. Mwanga unaotoka mahali papana huzunguka uso na kulainisha kila kitu. Jua ni lilelile saa sita mchana, lakini likipitia wingu zima vivuli hulainika kwa sababu sasa anga yote ndiyo taa. Ukikielekeza kichwa cha flashi kwenye dari nyeupe, unatengeneza duara la mwanga lenye upana wa mita moja au mbili juu ya dari, na duara hilo ndilo linalommulika bibi harusi. Flashi imegeuka kuwa kitu cha kuwashia taa. Taa yenyewe iko juu.

Ukilishika hilo, swali linabadilika. Huulizi tena "nielekeze flashi kwa nani?" Unauliza "nataka mwanga utoke wapi?" kisha unapamulika mahali hapo. Jibu la haraka la wengi ni kukisimamisha kichwa cha flashi wima, nyuzi 90. Dari inawaka, ni kweli, lakini mwanga unamshukia mtu kutoka utosini: matundu ya macho yanakuwa meusi, pua inatupa kivuli mdomoni, na mwenye upara anang'aa. Ukikilaza mbele kwa nyuzi 45 mambo si mabaya sana, ingawa sehemu ya mwanga huvuja moja kwa moja hadi usoni na kuondoa ulaini uliokuwa unautafuta.

Ninachopendekeza ni kukigeuza nyuma na pembeni, kipite juu ya bega lako kuelekea mahali ukuta unapokutana na dari. Mwanga unadunda huko na kurudi ukiwa mpana, tena ukitokea ubavuni, na uso unapata upande wa mwanga na upande wa kivuli. Hicho kivuli cha upande mmoja ndicho kinachoupa uso umbo. Ikiwa bibi harusi anatazama kushoto kwake, mmulikie ukuta ulio upande huohuo anaoutazama; mwanga utamfuata usoni badala ya kumpiga kisogoni. Baada ya muda utajikuta unageuza kichwa cha flashi kila unapobadilisha mahali, bila hata kufikiri.

Nyuma yako, hata hivyo, kuna watu. Mgeni aliyeketi meza ya nyuma hakuja kupigwa na umeme machoni. Kipande cha sponji nyeusi, kimefungwa kwa mpira upande mmoja wa kichwa cha flashi, kinamkinga. Ukikizungushia upande wa mbele, kinazuia mwanga usivuje moja kwa moja kwa mhusika. Kwa bei yake, sijui kifaa kingine kinachofanya kazi kubwa hivyo. Yale makopo ya plastiki meupe ya kuvisha juu ya flashi yana faida yake katika chumba kidogo chenye kuta nyeupe, kwa kuwa hutawanya mwanga kila upande nao ukadunda kila mahali. Katika ukumbi mkubwa hupoteza nguvu bure. Kopo lenyewe si pana kuliko flashi kwa kiasi cha maana, kwa hiyo bila kuta za kudundia halilainishi chochote.

Rangi ya unapodundishia inakuja na mwanga. Ukuta wa kijani unarudisha kijani, dari ya mbao inarudisha kahawia ya njano, na ngozi inachukua rangi hiyo upande mmoja tu wa uso. Ndiyo sababu ni vigumu kuisahihisha baadaye kwenye kompyuta: ukiusafisha upande mmoja, unauchafua mwingine. Tafuta nyeupe, au nyeupe iliyofifia. Turubai jeupe juu ya vichwa ni dari nzuri kabisa.

Mara nyingine, ukimkaribia sana mtu, mwanga wa dari humshukia wima hata kama umeelekeza nyuma. Rudi hatua mbili na utumie lenzi ndefu zaidi, na tatizo litakwisha.

Nguvu inatosha?

Flashi huuzwa kwa namba ya nguvu, inayotolewa kwa mita na ISO 100. Ukiigawa kwa namba ya tundu la lenzi, unapata umbali ambao mwanga unaweza kufika. Angalia tu imepimwa vipi: flashi inayotangazwa kuwa na 60 mara nyingi imepimwa kichwa chake kikiwa kimevutwa hadi milimita 200, ambapo mwanga umebanwa uwe mwembamba. Kikirudi milimita 35, flashi hiyohiyo huwa na kama 36.

Chukua hiyo 36. Kwa f/4 na ISO 100, mwanga wa moja kwa moja unafika mita 9. Kudundisha darini kunaweza kula stopu mbili kwa kutawanyika na kumezwa, yaani umbali unabaki nusu: mita 4.5. Kutoka kwenye flashi hadi dari na kutoka dari hadi usoni ni kama mita 5. Hata nguvu yote haitoshi. Pandisha ISO hadi 800, umbali unakua karibu mara tatu, unafika takriban mita 12.7, na sasa zile mita 5 zinahitaji chini ya robo ya nguvu. Hii ndiyo sababu ninashangaa nikimsikia mtu akisema flashi humwezesha kubaki ISO 100 ukumbini. Humwezesha kwa kuzimeza betri na kuifanya nyuma iwe nyeusi. Dari ya mita 3 ni rahisi. Ya mita 5 au 6 inawezekana kwa ISO 1600 na f/2.8. Juu ya hapo, au dari ikiwa nyeusi, acha kubishana nayo.

Mwanga pia hupungua kwa mraba wa umbali. Katika picha ya pamoja, mstari wa mbele ukiwa mita 2 kutoka kwenye flashi ya moja kwa moja na wa nyuma mita 4, wa nyuma anapata robo tu. Ukirudi hadi wawe mita 4 na 6, tofauti inabaki stopu moja na kidogo. Ukidundisha, inapungua zaidi, kwa kuwa mwanga umeshasafiri njia ndefu kabla ya kumfikia yeyote.

Gauni jeupe, suti nyeusi

Hali ya TTL hurusha mlipuko mdogo wa majaribio, kamera inapima kilichorudi kupitia lenzi, kisha inaamua nguvu ya mlipuko halisi, yote kwa kufumba na kufumbua. Inafanya kazi vizuri sana kwa mtu anayetembea kati ya meza, kila picha ikiwa na umbali wake. Udhaifu wake ni kuamini kwamba wastani wa dunia ni kijivu cha kati. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inaishusha flashi, na gauni linatoka limefubaa. Ongeza fidia ya flashi +2/3 hadi +1. Kundi la waliovaa suti nyeusi linaidanganya kinyume chake, na nyuso zinaungua, shusha −2/3. Bibi na bwana harusi wakisimama bega kwa bega, makosa hayo mawili mara nyingi hufidiana na sifuri hutosha.

Mlipuko wa majaribio una adha nyingine: wapo watu wepesi wa kufumba macho, na wanaufumbia huo wa kwanza. Ukitumia shata ya polepole na mlipuko wa mwishoni, nafasi kati ya milipuko miwili huongezeka na waliofumba wanakuwa wengi. Kwa watu wa namna hiyo, hamia nguvu ya kuchagua mwenyewe, isiyo na majaribio. Jukwaani wakati wa hotuba, ambapo mzungumzaji hasogei, nguvu ya kuchagua mwenyewe ni bora hata hivyo, kwa sababu picha zote zitalingana.

Rangi mbili katika fremu moja

Flashi hutoa mwanga wa takriban Kelvini 5500 (kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikishuka, mwanga huwa wa chungwa zaidi), sawa na mchana. Balbu za joto za ukumbini zipo karibu na 3000. Ukiisahihisha kamera kwa flashi, nyuma kunakuwa rangi ya chungwa. Ukiisahihisha kwa balbu, nyuso zinakuwa za buluu kama za wagonjwa. Hakuna mpangilio wa kamera unaoweza kuziridhisha zote mbili, kwa hiyo badilisha mwanga wenyewe: karatasi angavu ya rangi ya chungwa, jeli ya CTO, huteremsha flashi hadi karibu 3000, kwa gharama ya theluthi mbili za stopu hadi stopu nzima. Weka kamera kwenye alama ya balbu na vyote vinakutana. Jeli yenye nusu ya ukali wa hiyo inatosha ukipenda nyuma pabaki na joto kidogo, nami huipenda hivyo.

Taa za LED za zambarau na buluu za watu wa muziki hazina jeli ya kuzilinganisha. Usizifukuze. Hakikisha flashi inazishinda usoni, na uziache zipake nyuma.

Pasipo na dari

Ukumbi wenye paa la juu sana, au uliopakwa rangi nyeusi, unakulazimisha kuitoa flashi juu ya kamera. Mbili zikiwekwa kwenye stendi pembe mbili zinazotazamana za sakafu ya dansi, zaidi ya mita 2.5 kutoka chini, na kulipuliwa kwa triga ya redio (kifaa kinachoziamuru bila waya), hufanya kazi nzuri kwa nguvu ndogo, kama 1/8 au 1/16. Popote utakaposimama, moja itakuwa inamulika uso na nyingine inapiga mabega kutoka nyuma, na ule mstari wa mwanga kwenye nywele ndio unaomtenga mtu na kiza. Hapa tumia nguvu ya kuchagua mwenyewe; sakafu haihami. Funga mifuko ya mchanga kwenye miguu ya stendi, maana watoto nao watacheza. Kama una flashi ya zamani ya urithi, usiichomeke juu ya kamera ya kisasa kabla hujajua volti ya triga yake. Baadhi yake hupitisha zaidi ya volti 200 kwenye kiunganishi na zinaweza kuiua kamera.

Wakati wa ibada ni habari nyingine. Muulize mapema anayeongoza, na akisema hapana, basi ni ISO na lenzi yenye tundu pana tu.

Betri

Betri za AA za kuchaji za NiMH zina volti 1.2 dhidi ya 1.5 za alkalini, lakini zinasukuma umeme kwa urahisi zaidi, na flashi hujaa haraka ukizitumia. Ukirusha milipuko ya nguvu yote mfululizo, flashi itapata joto na nyingi zitajipunguzia kasi au kujizima zenyewe hadi zipoe. Hilo likitokea, usiifungue kutafuta tatizo: kapasita iliyo ndani hushika volti zaidi ya 300 hata swichi ikiwa imezimwa. Badilisha seti nzima ya betri dakika kumi kabla ya keki kukatwa, hata kama alama inaonyesha kwamba bado zimo.